Ukuta Huu Unabeba Nini? Somo kwa wanaowafundisha wanafunzi wa usanifu wa ndani ya majengo



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo ambalo tulilipata kwa gharama. Linahusu vijana wanaosomea usanifu wa ndani ya majengo, yaani wale watakaopanga vyumba, dari, sakafu, taa, rangi na samani. Linatuhusu pia sisi tunaowapokea kwa mafunzo kwa vitendo. Sharika, shule na zahanati zetu nyingi zina majengo ya zamani, na mara nyingi tunayakarabati badala ya kujenga mapya. Katika ukarabati wa ndani ndipo kuta huvunjwa, milango huongezwa na mizigo mipya huwekwa juu ya sakafu za zamani. Kijana anayechora mpango huo anapaswa kujua jengo linasimamaje. Je, tumemfundisha?

Kilichotokea kwenye bweni la zamani

Dayosisi yetu ina jengo la ghorofa moja ambalo zamani lilikuwa bweni. Kuta za nje ni za mawe, na sakafu ya juu ni ya mbao. Baada ya kukaa miaka mingi bila matumizi, iliamuliwa ligeuzwe kuwa kituo cha mafunzo: ukumbi chini, maktaba juu. Tuliwapokea wanafunzi 6 wa mwaka wa pili kwa muda wa wiki 10. Kazi yao ilikuwa kulipima jengo, kulichora na kupendekeza mpango wa ndani.

Katika wiki ya tatu mwanafunzi mmoja, binti mwenye bidii sana, alileta mchoro uliotufurahisha wote. Aliondoa ukuta wa katikati wa chini, vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja mpana wa kukaa watu 80. Alichora viti, taa na mapazia. Kamati ya mradi yenye watu 7 iliupitisha mchoro kwa makofi. Baadhi yetu katika kamati hiyo tuna shahada. Tulikubaliana kazi ya kuvunja ianze Jumatatu.

Jumatatu asubuhi fundi wetu mkuu, mzee aliyeanza kujenga tangu ujana wake, alishika nyundo, akautazama ukuta, kisha akaiweka nyundo chini. Alimwita yule mwanafunzi.

"Binti, hizo boriti za juu umeziuliza zinalala wapi?"

"Mzee, zinatoka ukuta wa nje wa huku mpaka ukuta wa nje wa kule."

"Umeziona?"

"Hapana, mzee. Kuna dari."

Fundi aliomba ngazi, akabandua ubao mmoja wa dari, akamwambia apande aangalie mwenyewe. Alipanda. Boriti zilizotoka upande wa kushoto zilikuwa zinaishia juu ya ukuta ule wa katikati. Zilizotoka upande wa kulia nazo zilikuwa zinaishia papo hapo. Hakukuwa na boriti hata moja iliyovuka kutoka ukuta wa nje hadi mwingine.

Ukuta wenyewe ulikuwa na unene wa sentimeta 15 tu pamoja na lipu. Kwa sababu ya wembamba wake mwanafunzi aliuita ukuta wa kugawa vyumba, nasi tukakubali. Kumbe ndio uliokuwa umebeba nusu ya uzito wa sakafu yote ya juu. Kama fundi angetii karatasi tuliyomkabidhi, sakafu ingewaangukia yeye na vijana wake wanne.

Hatukumlaumu binti yule, kwa sababu mchoro tuliupitisha sisi. Yeye hakusema neno siku ile. Kesho yake alifika kabla ya wenzake, akiwa na futi kamba na ngazi, akaanza kuangalia kila boriti inaishia wapi.

Alijua majina, hakujua kazi

Tulimuuliza amefundishwa nini kuhusu sehemu za jengo. Alitoa daftari lake. Lilikuwa zuri kuliko madaftari yetu ya zamani. Msingi, jamvi, ukuta, linta, mkanda, kenchi, paa: kila kimoja kilikuwa na maana yake na mchoro safi. Alikuwa amepata alama za juu. Lakini katika kurasa zote hizo hakukuwa na swali moja: uzito unatoka wapi, na unakwenda wapi?

Tulipozungumza na wanafunzi wote 6, na baadaye na mwalimu wao alipokuja kuwakagua, tuliona sababu tatu za pengo hili.

1. Somo hufundishwa kwa mpangilio wa kujenga. Huanzia kwenye msingi na kuishia kwenye paa. Mpangilio huu unamfaa anayejenga jengo jipya. Msanifu wa ndani hulikuta jengo likiwa limekwisha kujengwa na kufunikwa kwa lipu, dari na rangi. Yeye anahitaji kulisoma jengo ambalo mifupa yake haionekani.

2. Wanafunzi hudhani kwamba muundo ni kazi ya mtu mwingine. Walituambia, "Hayo ni ya mhandisi." Ni kweli kwamba mahesabu ni ya mhandisi. Lakini mhandisi huja akiitwa, na asiyejua kwamba kuna hatari hamwiti mtu.

3. Wengi hawajawahi kushika zege. Wameliona kwenye picha. Hawajui uzito wa tofali, wala muda ambao saruji inahitaji ili ikomae.

Tulibadilisha ratiba ya wiki 7 zilizobaki. Fundi mkuu alifanywa mwalimu, naye alilipwa posho ya mwalimu. Hatua tulizofuata zilikuwa tano.

Hatua ya 1: Fuata mzigo kutoka juu kwenda chini

Tulisimama nje tukiangalia paa. Kila mwanafunzi alichagua bati moja, akaambiwa: "Fundi amekanyaga hapo. Uzito wake unakwenda wapi?" Jibu la "chini" halikukubaliwa. Alitakiwa ataje kitu kinachofuata, aende akakiguse, kisha aulizwe tena.

Bati linalala juu ya papi. Papi zimepigiliwa kwenye kenchi. Kenchi inakaa juu ya ubao uliolazwa kichwani mwa ukuta, na katika majengo mapya hukaa juu ya mkanda wa zege. Mkanda unaufunga ukuta pande zote na kuusambaza mzigo. Ukuta unaushusha mzigo hadi kwenye msingi. Msingi ni mpana kuliko ukuta ili uzito ugawanyike na udongo usididimie.

Palipo na dirisha au mlango, mzigo hauwezi kupita hewani. Hapo ndipo linta inapofanya kazi: inaupokea mzigo wa juu na kuupeleka pembeni, kushoto na kulia kwa tundu. Kwa hiyo linta haina budi kuingia ndani ya ukuta kila upande, na kwa mlango wa kawaida isipungue sentimeta 15 hadi 20. Linta ikiishia ukingoni mwa tundu itaponda tofali za pale, na ukuta utapasuka kwa mshazari kuanzia kwenye kona.

Mwisho wa zoezi kila mwanafunzi alijibu swali moja: "Tukikiondoa hiki, nini kitakosa mahali pa kulala?" Walifanya zoezi hili kwa siku mbili. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili walianza kubishana, tukajua kwamba somo limeingia.

Hatua ya 2: Soma kilichofunikwa

Hapa tulijifunza kutumia vifaa vya bei ndogo: futi kamba, timazi, pima maji, tochi, ngazi na karatasi ya kupitisha mwanga.

Kwanza, wanafunzi walipima unene wa kila ukuta kwenye milango. Pili, walichora mpango wa chini na wa juu kwa kipimo kimoja, wakalaza karatasi moja juu ya nyingine dhidi ya kioo cha dirisha. Ukuta wa juu ulioangukia juu ya ukuta wa chini waliutia rangi nyekundu. Tatu, walibandua ubao mmoja wa dari katika kila chumba na kuandika boriti zinaelekea wapi na zinaishia wapi. Nne, waligonga kuta kwa kidole na kusikiliza.

Fundi aliwaonya kuhusu kugonga. Ukuta unaolia kama ngoma huenda ni mbao na bodi, lakini hata ukuta wa fremu ya mbao unaweza kubeba. Mlio hukuambia ukuta umejengwa kwa nini, haukuambii umebeba nini. Unene nao ni dalili tu, kama tulivyoona wenyewe.

Hatua hii ilitufundisha jambo jingine. Katika chumba kimoja rangi ilikuwa inabanduka sehemu ya chini ya ukuta, na mwanafunzi alipendekeza pakwanguliwe, papigwe lipu mpya na kubandikwa mbao za mapambo. Fundi aliwatoa wote nje. Udongo wa bustani ulikuwa umerundikwa ukutani, juu kuliko sakafu ya ndani na juu ya tabaka la kuzuia unyevu. Mvua ilikuwa inaingia kupitia pale. Walichimba udongo ule, wakatengeneza mfereji, wakauacha ukuta ukauke. Kama wangeufunika kwa mbao, unyevu ungebaki ndani na mbao zingeoza zikiwa bado mpya. Msanifu wa ndani naye hana budi kuzunguka nje.

Hatua ya 3: Jenga kwa mikono yako

Kila kikundi cha wanafunzi watatu kilijenga kipande cha ukuta wa kozi sita, chenye kona moja na tundu moja. Tofali zilifungwa kwa kupishana ili viungo visifuatane wima. Kisha walisuka nondo, wakafunga ringi, wakatengeneza boksi la mbao na kumwaga linta yao wenyewe.

Zoezi lililowafungua macho zaidi lilikuwa la boriti tatu ndogo. Tulizimwaga siku moja, kwa mchanganyiko mmoja, kila moja ikiwa na urefu wa sentimeta 120 na unene wa sentimeta 7.5 kwa 7.5. Ya kwanza haikuwa na nondo. Ya pili ilikuwa na nondo mbili za milimita 6 karibu na uso wa juu. Ya tatu ilikuwa na nondo hizo hizo karibu na uso wa chini. Tulizimwagilia maji kwa siku 7, kisha tukasubiri hadi zitimize siku 28, ambao ndio umri wa kawaida wa kupimia nguvu ya zege.

Siku ya majaribio kila boriti ililazwa juu ya vitegemeo viwili, sentimeta chache tu kutoka ardhini, na wanafunzi walisimama mbali. Tulipakia tofali za saruji katikati, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikatika ghafla kwenye tofali la nne, bila kutoa onyo. Ya pili ilipasuka upande wa chini kwa mzigo ule ule, ikalegea, ikabaki inaning'inia kwenye nondo zake. Ya tatu ilibeba tofali sita, na tuliacha kuongeza kwa sababu rundo lilikuwa linayumba.

Mwalimu anaweza kuliandika ubaoni kwamba zege ni hodari kwa kubanwa na ni dhaifu kwa kuvutwa, na kwamba boriti inayoinama huvutwa upande wa chini. Wanafunzi wetu walikuwa wamekwisha kuliandika. Lakini aliyesikia ile boriti ya kwanza ikikatika hatalisahau. Tokea siku ile hakuna aliyesema, "Tutatoboa kidogo tu chini ya boriti tupitishe bomba."

Hatua ya 4: Pima uzito wa mapambo

Wanafunzi wa usanifu wa ndani huchagua vitu kwa rangi, sura na bei. Tuliwaomba waongeze safu ya nne katika jedwali lao: uzito. Walitumia mizani ya ghala la mahindi. Haya ni baadhi ya mahesabu yao.

Marumaru za sakafu: marumaru yenye unene wa milimita 10 ikilazwa juu ya udongo wa saruji wa milimita 25 ina uzito wa kama kilo 70 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kitaongezewa kilo 1,400 kabla hajaingia mtu hata mmoja.

Ukuta wa kugawa: ukuta wa tofali za saruji zisizo na matundu, wenye unene wa sentimeta 15 na kimo cha mita 2.7, una uzito wa kama kilo 800 kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa mita 4 unazidi tani 3. Ukuta wa fremu ya mbao na bodi za jipsamu wenye kimo hicho hicho una uzito wa kama kilo 80 kwa mita, yaani sehemu moja ya kumi.

Maji: tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima, bila kuhesabu tangi lenyewe.

Vitabu: hapa ndipo tulipostuka. Kwa utaratibu wa Kiingereza ambao wahandisi wetu wengi wamesomea, sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kama kilo 150 za watu na vitu kwa kila mita ya mraba, na darasa kama kilo 300. Rafu za vitabu zilizosongamana, zenye kimo cha mita 2, zinaweza kufikia kama kilo 480. Sisi tulikuwa tumepanga maktaba juu, kwenye sakafu ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya vitanda.

Funzo kutoka Seoul

Wanafunzi waliuliza kama kweli mabadiliko ya ndani yanaweza kuangusha jengo zima. Tuliwaeleza habari ya duka kubwa la Sampoong lililokuwa Seoul, Korea Kusini. Lilifunguliwa mwaka 1990 na kuporomoka jioni ya tarehe 29 Juni 1995. Watu 502 walikufa na zaidi ya 900 walijeruhiwa.

Halikuanguka kwa tetemeko wala kwa upepo. Jengo lilipangwa kwa matumizi mengine, kisha likageuzwe duka wakati ujenzi ukiendelea. Nguzo zilikuwa nyembamba kuliko zilivyotakiwa. Ghorofa ya tano iliongezwa, ikawekwa migahawa yenye sakafu nzito ya kupasha joto. Mitambo mizito ya kupooza hewa iliwekwa juu ya paa, na baadaye ikahamishwa kwa kuburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyufa zilionekana. Siku yenyewe, asubuhi, zilikuwa zimepanuka, lakini duka halikufungwa.

Tuliwaomba wanafunzi waorodheshe ni maamuzi yapi kati ya hayo yangeweza kupita mezani kwa msanifu wa ndani. Walitaja matumizi mapya, migahawa, sakafu na mahali pa mitambo. Nasi tuliwakumbusha kwamba hapa nyumbani hatujasahau jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20. Kila jengo lina sababu zake, na si kazi yetu kuzihukumu hapa. Kazi yetu ni kumfundisha kijana kwamba ufa ni taarifa, na kwamba ukipanuka watu watoke kwanza, maswali yafuate.

Hatua ya 5: Chora ulichokigusa

Mwishoni tulirudi kwenye karatasi. Kila mwanafunzi alichora mkato wa jengo kutoka kwenye bati hadi kwenye udongo, kwa kipimo cha 1 kwa 20, na sehemu mbili kwa kipimo cha 1 kwa 5: pale boriti inapolala ukutani, na pale ukuta unapokutana na jamvi. Sharti lilikuwa moja. Asichore kitu ambacho hajakiona au kukishika. Asichokiona aandike "sijafungua."

Michoro hii haikupendeza kama ya kwanza. Ilikuwa na "sijafungua" nyingi. Lakini ilikuwa michoro ya kwanza ambayo fundi aliomba apewe nakala yake.

Tulipogeukia majengo yetu wenyewe

Baada ya wiki ya pili ya mafunzo haya hatukuweza kulala vizuri. Miaka michache kabla, tuliondoa kipande cha ukuta katika zahanati moja ya dayosisi ili kupanua chumba cha kusubiria. Tuliamua wenyewe, bila mhandisi. Tuliwachukua wanafunzi, tukaenda.

Binti yule ndiye aliyepanda ngazi. Ndani ya dari alikuta viegemeo viwili vya paa vilivyokuwa vimesimama juu ya kipande tulichoondoa. Sasa vimesimama juu ya linta ambayo upande mmoja iliingia ukutani kwa sentimeta 4 tu. Kwenye kona ya tundu, nyuma ya bango la chanjo, palikuwa na ufa wa mshazari ambao ungeweza kuingiza sarafu.

Siku ile ile tulikifunga chumba na kuegemeza paa kwa mirunda. Akina mama walisubiri chini ya mwembe kwa wiki 9, na wiki 4 kati ya hizo zilikuwa za mvua. Walilalamika, na walikuwa na haki. Mhandisi aliyesajiliwa alikuja, akaelekeza linta mpya na nguzo mbili zenye misingi yake. Fedha zilitoka kwenye fungu la viti vya ukumbi. Tulieleza haya yote katika taarifa yetu kwa wafadhili, pamoja na kosa letu.

Na ukumbi? Mhandisi alituambia inawezekana kuondoa ukuta ule wa katikati, kwa kuweka boriti kubwa, nguzo na misingi mipya. Gharama yake ilizidi bajeti yote ya mambo ya ndani. Tuliuacha ukuta. Kwa maelekezo yake yalifunguliwa matundu mawili ya mlango yenye linta, huku sakafu ikiwa imeegemezwa kwa mirunda muda wote wa kazi. Maktaba ilihamia chini, upande mmoja wa ukuta, juu ya jamvi lililolala ardhini. Upande wa pili ni ukumbi wa watu 45. Mpango huu wa mwisho ulichorwa na binti yule yule.

Mambo ya kuzingatia kwa wanaofundisha

• Anza na jengo lililopo, kisha nenda kwenye kitabu.
• Fundisha njia ya mzigo kabla ya majina.
• Kila ukuta uhesabiwe kuwa unabeba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uthibitisho ni kufungua na kuangalia, si kukisia.
• Mpe fundi mwenye uzoefu nafasi ya mwalimu, na umlipe.
• Mfundishe mwanafunzi maneno haya: "Hapa naomba mhandisi." Asiyaonee aibu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inayo orodha ya waliosajiliwa.
• Kabla ya kuvunja au kuongeza ukuta, ulizeni kibali cha ujenzi katika halmashauri ya wilaya au manispaa yenu.
• Usipitishe mchoro kwa makofi. Uliza kwanza kilichofunguliwa na kilichoonekana.

Changamoto

Mafunzo haya huchukua muda. Zege haliharakishwi, na chuo kinachotoa wiki 3 tu za vitendo hakitaweza kufanya zoezi la boriti tatu. Katika hali hiyo tunashauri boriti zimwagwe mapema na fundi, ili wanafunzi wafike siku ya majaribio. Pia mafundi wengine hawapendi kuulizwa maswali na vijana wenye kalamu. Tuliona kwamba heshima hujengeka haraka kijana anapobeba ndoo ya zege kabla ya kuuliza.

Maswali ya majadiliano

1. Chagueni chumba mlichokaa sasa. Ni ukuta upi unabeba? Mnajuaje?
2. Ni mabadiliko gani ya ndani yamefanyika katika shule, zahanati au jengo lenu la usharika kwa miaka 10 iliyopita? Nani aliyaidhinisha?
3. Kama fundi wenu angeiona hatari katika mchoro uliokwisha kupitishwa, je, angekuwa na uhuru wa kuiweka nyundo chini?

Swali la tatu ndilo tunalowaomba mlijadili kwa muda mrefu zaidi. Sisi tuliokolewa na mzee mmoja aliyethubutu. Tungependa toleo lijalo lipate barua zenu mkitueleza mlichokikuta mlipobandua dari.